Baiskeli Tatu Uani

Uani kwetu, hapa Amani, mjini Unguja, zimeegemezwa ukutani baiskeli tatu: Phoenix nyeusi ya inchi 28 niliyoirithi kwa marehemu baba yangu, baiskeli ya Kijapani yenye kikapu mbele niliyoinunua mtumba, na baiskeli ya gia yenye tairi za meno. Wageni wanaoingia ndani, kwa kuwa wananijua kuwa ni mwalimu mwenye mshahara wa kawaida, huniuliza kwa nini nisiuze mbili nikabaki na ile iliyo bora. Swali hilo nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, na kila mara jibu langu limekuwa fupi kuliko linavyostahiki, kwani hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kuitwa bora kabla ya kuulizwa inakwenda wapi, imebeba nini na mvua inanyesha au hainyeshi.

Ya kila siku ni ya Kijapani. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuelekea skuli ninayosomesha, na kutoka Amani hadi Darajani ni mwendo wa kilomita 3 hivi, katika barabara tambarare inayopita kwenye majumba marefu ya Michenzani, wakati daladala zimeshaanza kugombania abiria vituoni. Anayepanda baiskeli katika barabara hiyo hana haja ya mbio. Haja yake ni kuona, kuonekana na kuweza kusimama upesi. Usukani wa baiskeli hii umepindwa kumwelekea mpandaji, kwa hiyo mgongo unakaa wima na macho yanapita juu ya mapaa ya gari ndogo hadi kituo kinachofuata. Fremu yake imeshuka chini, ile ambayo wengi huiita ya kike, na mnyororo umefunikwa wote. Siku ya Ijumaa naipanda nikiwa nimevaa kanzu nyeupe, na nafika msikitini bila ya doa la grisi kwenye pindo. Binti yangu huipanda akiwa na buibui lake, na jioni nikirudi sokoni kikapu cha mbele kinachukua mkate, ndimu na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha.

Jambo ninalolithamini zaidi katika baiskeli hiyo ni breki ya nyuma, nalo nilijifunza kwa hofu. Masika moja, nilipokuwa bado naipanda Phoenix kila siku, daladala ilisimama ghafla mbele yangu karibu na mzunguko wa Michenzani. Nikabana breki zote mbili kwa nguvu zangu zote, na baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba sijaigusa, mpaka nikaiacha iingie kwenye maji yaliyotuama pembeni. Phoenix inasimamishwa kwa raba zinazobana rimu ya chuma iliyopakwa kromu; rimu ikiwa kavu zinafanya kazi yake vizuri, lakini ikirowa raba zinateleza juu ya kromu, na mpandaji anapaswa kuanza kubana mapema sana ili maji yapanguswe kwanza. Breki ya nyuma ya Kijapani imefichwa kwenye kitovu cha gurudumu, ndani ya kopo la chuma, ambako maji ya barabarani hayaifikii kwa urahisi. Tangu siku ile, kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei, Phoenix haitoki nyumbani anga likiwa limejifunga.

Kitovu hicho kina pia gia tatu ndani yake. Ni utaratibu wa zamani: kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, ilianzishwa mwaka 1902 kwa ajili ya kutengeneza vitovu vya namna hiyo, na uzuri wake kwa mtu wa mjini ni kwamba gia inabadilishwa hata baiskeli ikiwa imesimama. Ukishikwa na gari la ng'ombe mbele yako, unasimama, unarudisha gia nyepesi, na unaondoka bila ya kusimamia pedali.

Kuhusu tairi, inafaa niseme kwa kirefu, kwa sababu naamini watu wengi hapa Unguja wamepoteza fedha kama nilivyopoteza mimi. Tairi ya nyuma ya Kijapani ilipochakaa niliona imeandikwa 26 ubavuni, nikaenda dukani, nikanunua tairi mpya iliyoandikwa 26, nikaipeleka kwa fundi wangu anayefanyia kazi chini ya mwembe huko Mikunguni. Aliichukua, akaiweka juu ya rimu bila hata ya kushika spana, akanirudishia.

"Maalim, tairi haisomwi kwa inchi," akaniambia. "Isome kwa hizi namba ndogo."

"Mzee wangu, mbona zote mbili ni 26?"

"Zote 26, lakini hazitoki tumbo moja. Tazama hapa."

Akanionesha ubavuni mwa tairi kuukuu namba 37-590, na kwenye ile mpya nikakuta namba inayoishia na 559. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokalia kwenye rimu. Tairi niliyoinunua ilikuwa ya baiskeli ya gia, na milimita 31 zilizopungua hazivutiki kwa mkono wala kwa chuma. Phoenix nayo inataka tairi ya 635, wakati tairi za baiskeli za mashindano, ambazo wauzaji wengine huziita 28 vilevile, ni za 622. Tangu hapo namba hizo tatu za uani kwangu, 635, 590 na 559, nimeziandika kwa rangi kwenye mlango wa stoo, na watoto wanazijua kwa moyo. Fundi akanifundisha na la pili: Phoenix na Kijapani zina valvu ya kizamani yenye kimpira chembamba ndani, na kimpira hicho kikioza upepo unatoka kidogo kidogo hata kama tyubu haina tundu. Mara ngapi nimewahi kulipia kuzibwa pancha ambayo haikuwepo, Mungu ndiye ajuaye. Sasa nina vimpira vya akiba kwenye mkebe.

Phoenix inapata heshima yake siku ya mzigo. Ina spoki 40 nyuma na 32 mbele, karia ya chuma kinene, na fremu ndefu iliyolala, ambayo asili yake ni baiskeli za Kiingereza za kina Raleigh zilizoenea katika nchi zetu zama za ukoloni. Anayetaka kujua uwezo wa baiskeli za jamii hii na asimame asubuhi karibu na soko la samaki la Malindi, awatazame wachuuzi wakifunga matenga kwenye karia kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu za gari, kisha waondoke kuelekea mashamba huku wakipiga honi. Mimi nabeba gunia la mchele la kilo 25 na mtungi wa gesi, na nikishaanza mwendo baiskeli inatulia chini ya mzigo kama jahazi lililopata upepo wa nyuma. Haina gia. Nimehesabu meno yake: 46 mbele na 20 nyuma, kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa pedali unaisogeza mita 5 na kidogo. Kwa mji tambarare kama wetu hesabu hiyo inatosha kabisa.

Ndani ya Mji Mkongwe naingia na Phoenix au na ya Kijapani, ila naingia kwa adabu. Vichochoro vya Mkunazini na Kiponda vilijengwa kwa ajili ya miguu, na kona zake hazimwoneshi mtu anayekuja upande wa pili. Vespa zinazopita humo kwa kasi zimewafanya wazee waogope kutoka milangoni mwao. Baiskeli haina sauti, na hiyo ni hatari yake humo ndani kama ilivyo raha yake. Kwa hiyo napiga kengele kabla ya kila kona, napunguza mwendo, na nikikuta wazee kwenye baraza nateremka, natoa salamu na kuisukuma mpaka niwapite. Kijana aliyezoea kuwapita watu wazima kwa kasi huku viwiko vyao vikikaribia kuguswa na usukani wake, kwa maoni yangu, hajajua bado kupanda baiskeli, hata kama anaweza kuachia mikono yote miwili.

Ya gia naipanda Jumapili. Mjini siipendi, na nasema hivi nikijua kwamba vijana wengi huinunua kwa sura yake: inamwinamisha mtu, haina madigadi, kwa hiyo inapaka tope mgongoni, na springi za mbele za zile za bei nafuu zinakula nguvu za miguu na kuliwa zenyewe na chumvi ya bahari. Lakini nikishapita Maruhubi na magofu ya Mtoni, nikafika Bububu, ambako reli iliyojengwa mwaka 1905 ilikuwa ikifika kutoka mjini, na nikakata kulia kuupanda mlima wa Masingini, baiskeli hiyo inakuwa kitu kingine. Masingini si mlima wa kutisha, kwani Unguja yote haina kilele kinachozidi sana mita 100, lakini kwa Phoenix ningeshuka na kusukuma. Kwenye gia nyepesi kabisa, meno 24 mbele na 28 nyuma, kila mzunguko wa pedali unanisogeza chini ya mita 2, na napanda nikiwa nimekaa, nikisikia harufu ya msitu. Niliwahi kuivusha hadi Pemba, nikaenda nayo kutoka Chake Chake hadi Wete, vilima juu ya vilima, na huko nilifahamu kwa nini ndugu zetu wa Pemba wana mapaja ya namna ile.

Upepo nao unahesabiwa. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, safari ya Bububu, iliyo kaskazini mwa mji, ni nyepesi kwenda na nzito kurudi, kwa hiyo natoka alfajiri kabla haujavuma na nabakisha nguvu. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka, na ninaweza kuchelewa bila ya wasiwasi, nikijua nitarudi nikisukumwa mgongoni mpaka mjini.

Wiki iliyopita jirani mmoja alikuja kunipa bei ya Phoenix, tena bei nzuri. Nilimtilia upepo, nikampa aizungushe mpaka uwanjani na kurudi. Aliporudi alipitisha kidole kwenye bomba la juu, mahali ambapo rangi imechubuka hadi chuma kinaonekana, akaniuliza kama iliwahi kuanguka. Nikamweleza kwamba pale ndipo nilipokuwa nikikaa mimi, juu ya kipande cha gunia kilichokunjwa, baba akinipeleka chuoni kusoma Kurani, mikono yangu ikiwa kwenye usukani katikati ya mikono yake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza inachukua tairi gani, iwapo ataona nyingine kama hiyo inauzwa. Nikamwonesha mlango wa stoo: 635. Akaiandika kwenye simu yake, nami nikairudisha Phoenix ukutani.