Siku ya kuchimba chikanda

Mnunuzi alilala Matamba, na kabla hajaamka habari zilikuwa zimeshafika kijijini kwetu: anataka chikanda, yaani viazi vya okidi za porini, analipa taslimu. Shangazi akanipa kiroba na kijembe cha mpini mfupi, tukashika njia ya kupanda uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania. Ilikuwa majira ya mvua, mwishoni mwa miaka ya 1990, nami nilikuwa darasa la tano.

Kule juu, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, ni nyasi tupu, ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Mvua zikishika, nyasi zile hujaa maua mpaka ukakosa pa kukanyaga. Watu hupaita Bustani ya Mungu, na sibishi. Ila siku ile ua lilikuwa alama tu kwamba hapa chini kuna kitu.

Shangazi hakuwa wa kuchimba ovyo. Maua ya njano aliyapita bila hata kugeuza shingo, akaenda kuchuchumaa penye okidi ya rangi ya waridi iliyosimama wima, maua yake madogo yamepangana kwenye shina moja. Akalivuta ua moja na kuligeuza nione nyuma: vimkia viwili, vyembamba kama uzi. "Ukiona mikia miwili, chimba." Aina nyingine nazo zilichimbwa, lakini hiyo ndiyo aliyoniamini nayo.

Udongo wa kule ni mweusi na mwepesi, kijembe hakipati shida. Chini ya kila shina kulikuwa na viazi viwili. Kimoja cha kahawia, kimenywea, ukikibonyeza kinaingia ndani. Hicho ndicho kilicholisha ua la mwaka ule. Cha pili kigumu, cheupe, kimejaa: akiba ya mwakani. Tulichukua cha pili. Kile kilichonywea Shangazi alikirudisha shimoni, akafukia, akakanyaga kwa kisigino. Nikamuuliza kama kitaota.

"Hicho kimeshamaliza kazi yake, baba."

Alisema huku anahamia shina la pili. Alikuwa na watoto shuleni, na pareto aliyouza msimu uliopita (nayo ni maua, ukitaka kujua) ilikuwa haijalipwa mpaka siku hiyo.

Kiroba hakijai upesi. Viazi vyenyewe vidogo, vingine havizidi kidole gumba, na kila kimoja ni shina zima limeng'olewa. Tuliporudi jioni, msururu wa wanawake ulikuwa umeshajipanga mbele ya mnunuzi. Debe lake lilikuwa limetunishwa kwa nyundo kutoka ndani, tumbo nje kama la mjamzito, na bado alidai lumbesa juu yake. Shangazi alilitazama lile debe, akamtazama mwenye debe, akamimina. Aliyekuwa mbele yake alijaribu kulalamika, akaambiwa abebe mzigo wake arudi nao nyumbani. Hela zilitosha madaftari na sare moja. Lori likashuka kona za Hamsini na Saba kwenda Chimala, halafu Mbeya, Tunduma na Zambia, maana walaji walikuwa huko. Sisi wenyewe hatukuwahi kuipika.

Mwaka 2005 Kitulo ikatangazwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ndani yake kuna aina 45 hivi za okidi. Kuchimba kukawa kosa, na Shangazi akabaki na viazi vyake mviringo, ambavyo angalau shamba ni lake.

Chikanda nimeionja ukubwani, Tunduma, kwa mama mmoja aliyeipanga kwenye sinia karibu na mpaka. Viazi husagwa, vikapikwa na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka vigande, kisha hukatwa vipande kama mkate. Ni ya kahawia, inanata kidogo menoni, karanga ndiyo inayotangulia mdomoni. Nilimaliza kipande changu nikaomba cha pili.