Siku moja na kamera: Shela, Maweni, Takwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeshaswali, naondoka mjini Lamu kwa miguu kwenda Shela. Leo ni bamvua, siku ya maji kujaa na kupwa sana. Maji ndiyo kwanza yanaanza kupwa, kwa hiyo viatu viko mkononi na kamera iko juu begani. Ratiba yangu huipanga bahari: Takwa, mji wa kale uliohamwa katika kisiwa cha Manda, haifikiki kwa mashua mpaka maji yajae tena alasiri.

Saa kumi na mbili na robo. Vilima vya mchanga vya Shela. Jua likiwa bado chini, kila mstari uliochorwa na upepo unaonekana, na baada ya muda mfupi yote hupotea. Napiga haraka.

Anayeiona picha hii bila maelezo ataona ufuo mtupu. Hapa, karibu mwaka 1813, Waamu, yaani watu wa Lamu, waliwapiga watu wa kisiwa cha Pate na Wamazrui wa Mombasa. Simulizi zinasema maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vya wavamizi vikakwama mchangani, wakakosa pa kukimbilia. Miaka mingi baadaye upepo uliendelea kufichua mifupa. Na chini ya mchanga huohuo ndiko maji matamu yaliko: mvua huzama, huchujika, na visima vya mji wa Lamu hutegemea akiba hiyo. Ndiyo maana kila ukuta mpya unaoinuka juu ya vilima hivi hunitia hofu, na ukuta ukiwepo nauacha ndani ya picha.

Saa tatu asubuhi. Kwa bibi mmoja wa Shela ambaye ukoo wake unajitaja kuwa wa Takwa.

"Sabalkheri, bibi."

"Akheri, mwanangu. Zile za juzi umezileta?"

Nimezileta, zimechapishwa, maana kioo cha simu kinamchosha macho. Anazipanga juu ya mkeka na kuniambia ni ipi nilisimama pabaya. Namuuliza kwa nini wazee waliihama Takwa. Visima viliingia chumvi, anasema. Jirani yake, mzee aliyekaa dakani, anadakia: "Chumvi ilikuja baadaye. Ilikuwa ni ugomvi na Pate." Wanabishana mpaka chai inapoa. Wanaakiolojia nao wametaja sababu zote mbili, nami nimeacha kutafuta mshindi. Kauli zote mbili zinaandikwa chini ya picha, kila moja na mwenyewe, kama wenyewe wameridhia.

Saa tano. Navuka mkondo kwenda Maweni, upande wa Manda. Wapiga picha wengi hawashuki hapa, na hilo linaniuma. Kijiji hiki ni cha wachimba mawe, wengi wao asili yao Nyanza, wanaokata matumbawe kwa mkono. Nyumba nyingi mpya zinazosifiwa kwa sura ya Kiamu zimesimama juu ya jasho la hapa. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mikono inayoendelea kuutolea mawe haimo kwenye kadi za posta.

Jua la saa sita hugonga jiwe jeupe na kurudi usoni kutoka chini. Ni mwanga mkali, hauwapendezeshi watu, lakini ndio wanaoufanyia kazi. Kijana mmoja ananiambia nisimpige akiwa ameinama. Anasimama wima, sururu begani, ananiangalia. Hiyo ndiyo picha bora ya leo. Baba yake, ananiambia, amezikwa hapahapa Manda. Na mtu ambaye baba yake yumo kwenye udongo wa Manda, kwangu ni mwenyeji wa Manda.

Saa tisa na nusu. Maji yamejaa. Nahodha anaingiza mashua kwenye mkono wa bahari katikati ya mikoko. Kutoka tunaposhukia ni mwendo mfupi tu hadi magofu.

Saa kumi na nusu. Takwa ilistawi karne ya 16 na ya 17, kisha ikahamwa. Msikiti wa Ijumaa una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Jua la alasiri linaupata ubavuni, na alama za chokaa zinajitokeza. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1683 au karibu yake. Watu wa Shela bado huja hapa kuzuru na kuomba mvua. Watalii huliita gofu. Bibi aliniagiza nilipige kutoka upande ambao waombaji husimama, siyo upande wa njia ya wageni. Nafanya hivyo, na kweli picha inabadilika: nyuma ya nguzo unaonekana mji, siyo kichaka.

Nahodha anapiga mluzi. Tukichelewa, mikoko itatushika mpaka usiku.

Saa mbili usiku. Nahamisha picha, naweka nakala mbili, naandika maelezo. Kwa kaburi naandika mwaka na dua ya mvua. Kwa vilima, vita na visima. Ya kijana wa Maweni naiweka katika mfululizo mmoja na Takwa, baada tu ya msikiti, kwa sababu jiwe ni lilelile. Mhariri mmoja alishawahi kuniomba niitoe picha ya namna hii "isiharibu mtiririko". Sikuitoa, na hii pia haitoki. Kesho asubuhi inachapishwa nakala yake ya kwanza, ya kumpelekea mwenyewe.