Kwani Unalala Nje?

Leo Jumamosi ni siku ya 19 tangu tarehe 4 Novemba, siku ambayo fundi alisema angeanza kupaua nyumba tunayojenga Nzuguni. Na tangu Jumanne nina sentensi yake moja kichwani. Nilimpigia jioni nikiwa nachagua mchele, simu nimeiweka spika.

"Habari za kazi, fundi. Leo siku ya kumi na tano, saiti hakuna mtu."

"Mwalimu, haraka ya nini? Kwani unalala nje?"

"Hapana, silali nje." Halafu nikasema, "Haya, asante fundi."

Nilimshukuru. Hilo ndilo linaloniamsha saa nane usiku. Mama mkwe alikuwa pale pale, amekaa kwenye godoro lake. Habari ya godoro niliwaandikia: tangu Baba Neema amlete kutoka Mvumi baada ya kupasuliwa jicho, analala sebuleni kwa sababu tumepanga vyumba viwili tu, na akisikia hodi alfajiri analikunja mbiombio kabla mgeni hajaingia. Alisikia kila neno. Akaniuliza kama chumvi imebaki.

Neema kamaliza mitihani ya kidato cha pili, mimi nimepewa utaaluma pale shuleni, na wiki nzima sijawaza lingine. Kwani unalala nje?

Juzi usiku nikaitoa karatasi yetu ya makubaliano. Ufundi milioni mbili na laki nne, kianzio laki tisa, bati na mbao juu yangu. "Kazi itaanza baada ya kianzio kupokelewa." Tarehe hakuna. Ile tarehe 4 tuliitamka tu kwa mdomo. Nikajiona nimekwisha, nikampigia shemeji, yule karani wa mahakama. Akanielewesha kwamba chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano yasipotaja muda, kazi inatakiwa ifanyike ndani ya muda unaofaa, na huo muda unaofaa unapimwa kwa mazingira ya kazi yenyewe.

Hapo nikapumua. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Ikishuka ya kwanza, vibarua wengi wanarudi vijijini kupanda mtama na uwele, na hata ukiwa na hela mkononi humpati wa kukubebea kenchi, zile mbao za kushikilia paa. Anayepokea kianzio cha kupaua mwezi wa kumi anayajua hayo kuliko mimi. Mbao zangu za Mafinga ziko chini ya turubai, mbili zimeshapinda.

Nilitaka kwenda Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Shemeji akasema wale wanawashughulikia makandarasi waliosajiliwa kwao, na wangu ni fundi wa mtaani. Kwangu ni barua kwanza, ikishindikana mahakama ya mwanzo. Akanikataza kabisa kuleta fundi mwingine kabla siku nitakayoiandika haijapita, asije huyu akasema mimi ndiye niliyevunja makubaliano. Na nisifute meseji ya muamala wa kianzio.

Barua nimeiandika mara nne. Kila mara sentensi ilikuwa inajipenyeza: mimi silali nje, ila mama yetu... Nikaifuta mara nne. Mwishoni zimebaki laki tisa, tarehe 4 aliyoitaja mwenyewe, na kwamba asipoanza hadi Jumamosi ijayo, tarehe 30, nitahesabu makubaliano yamekwisha, anirudishie kianzio, na nikilazimika kumlipa mwingine zaidi ya tulivyopatana, hiyo tofauti nitamdai yeye. Asubuhi nilimpelekea nikiwa na mjumbe wa mtaa. Akasaini nakala yangu, "nimepokea", bila kuinua macho. Safari hii sikushukuru.

Tulipotoka hapo nikampitia mama mkwe, tukachukua bajaji hadi Nzuguni. Alikuwa hajafika tangu tufunge lenta. Nikamwonyesha chumba chake. Akapapasa ukuta kwa kiganja kuanzia mlangoni hadi dirishani, taratibu, halafu akavua kanga ya juu, akaitandika kwenye kifusi na kulala chali, mikono kifuani, akitazama juu.

"Kichwa kitakaa huku," akasema. "Nisipigwe na jua la asubuhi."

"Sawa, mama."

"Na wewe lala, uone."

Nikalala pembeni yake. Juu hakuna kenchi wala bati, mbingu tupu, na mwewe mmoja anazunguka. Akacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho sijakisikia tangu operesheni, nami nikajikuta nacheka, vumbi limetujaa kwenye nywele. Tulikaa hadi upepo wa jioni ulipoanza kupuliza, tukaamka kwa sababu yeye alianza kusikia njaa. Kwenye bajaji akaniambia atapanda mlonge pale nyuma, karibu na jiko, mvua ikianza tu.

Nilipofika nyumbani nikakuta baba amenipigia kutoka Kondoa. Nikampigia. Akauliza Neema amemaliza mitihani lini. Swali hilo hilo nilishamjibu asubuhi, tukaongea vizuri hadi salio lake likakata. Jioni hii ameuliza kwa maneno yale yale, kwa furaha ile ile, kama hatujazungumza kabisa leo. Kesho nitampigia kaka nimuulize kama na yeye ameliona hilo.