Kitanda cha kamba huanzia pwani

Mteja anayekuja karakanani kuagiza kitanda cha kamba kwa kawaida huuliza kwanza habari ya mti: kama tendegu (miguu ya kitanda) ni za mfenesi au za msaji, na kama mifumbati (miti ya ubavuni) imenyooka. Ni maswali ya haki. Lakini vitanda vinavyonirudia kutengenezwa ni nadra kurudi kwa sababu ya mti. Hurudi kwa sababu ya kamba, na uzima wa kamba huamuliwa kitambo, kabla haijamfikia fundi wa kuiwamba, yaani kuisuka kitandani.

Kamba ya usumba hutokana na makumbi ya nazi, ambayo kinamama wa Paje, Bwejuu na Jambiani, mashariki mwa Unguja, huyafukia pwani maji yanapokupwa, wakayagandamiza kwa mawe ili bahari isiyachukue, kisha wakayaacha miezi kadhaa yakijazwa na kupwewa. Humo mchangani vijidudu hula ule ute unaoshikanisha nyuzi, ilhali nyuzi zenyewe, kwa kuwa zina lignini nyingi (dutu inayoupa mti ugumu), haziozi upesi. Yakifukuliwa hunuka (na harufu hiyo haitoki mikononi kwa sabuni moja), hupigwa kwa gongo mpaka unga wake utoke, usumba huoshwa na kuanikwa, ndipo husokotwa kwa viganja. Makumbi yaliyofukuliwa kabla ya wakati wake hutoa kamba yenye vinundu, inayomwaga vumbi la kahawia kila ikivutwa, na kitanda kilichowambwa kwa kamba hiyo hubonyea katikati mapema.

Kilimo cha mwani, kilichoanza pwani hiyo ya mashariki mwaka 1989, kiliwapa kinamama kipato kingine, na nailoni ikaingia madukani kwa bei nafuu; simlaumu aliyeacha kusokota.

Ninaowashangaa ni baadhi ya wenye hoteli. Huagiza viti vya henzirani (rattan) kutoka Indonesia, nchi ambayo tangu 2012 imezuia kusafirisha henzirani ghafi ili mafundi wake wapate kazi, na hulipa bei yake bila kunung'unika; lakini akitajiwa bei ya kamba ya Jambiani, mtu yuleyule huanza kuvutana kwa kila pima.

Kwa hiyo siku hizi nikipokea agizo hununua kamba kwanza, mbao baadaye, na bei ya kamba huiandika peke yake kwenye risiti. Asiyeweza kusubiri humwelekeza kwa wanaowamba kwa nailoni.