Mkate wa Kumimina na Mtoto wa Miaka Miwili Jikoni

Tangu mwanangu alipoanza kutembea, nimeharibu mikate mingi kuliko yote niliyoiharibu nilipokuwa msichana nikijifunza kupika kwa mama yangu hapa Unguja. Simlaumu mtoto. Nimeketi nikaikumbuka mikate hiyo mmoja mmoja, na nimeona kwamba kila ulioharibika ulikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe mara nyingi ilikuwa ni zile dakika tano au kumi ambazo macho yangu hayakuwa kwenye sufuria.

Mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia, hauhitaji vitu vingi. Mchele hulowekwa usiku kucha, asubuhi ukasagwa pamoja na tui zito, iliki na hamira, rojo likaachwa liumuke, kisha likatiwa sukari na ute wa yai na kumiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta. Mimi hutumia vikombe viwili vya mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha tui. Ugumu wake wote uko katika kusubiri, kwa sababu rojo lililowahiwa hutoa mkate mzito, na lililocheleweshwa huchacha. Yale matundu madogo madogo yanayoonekana mkate unapokatwa hupatikana pale tu mpishi alipolimimina rojo kwa wakati wake.

Mkate ulioniuma zaidi ulikuwa wa Ramadhani. Nilikuwa nimebandika tui lipate uvuguvugu tu, ndipo mtoto akapanda juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nami nikaacha kila kitu nikamkimbilia, kwa kuwa meno ya mbuzi hayana mchezo na mkono wa mtoto. Niliporudi tui lilikuwa limechemka. Kwa haraka ya futari nikalitia kwenye mchele na hamira lingali linafuka moshi. Hamira ni kitu chenye uhai, na joto likifika nyuzi 60 hivi hufa, hivyo saa mbili baadaye rojo lilikuwa palepale nilipoliacha. Nililipika hivyo hivyo, likatoka kitu kilichoshikana, kisicho na tundu hata moja, na mume wangu akakila bila kusema neno. Tangu siku ile sitii tui kabla ya kuchovya kidole changu ndani yake na kukiacha humo bila kuhisi kuungua.

Mara nyingine kosa lilikuwa kinyume chake. Ilikuwa kaskazi, joto la mchana halivumiliki, nami niliingia chumbani kumlaza mtoto nikiwa na nia ya kutoka baada ya robo saa. Nilisinzia pamoja naye. Nilipozinduka rojo lilikuwa limefura, limemwagika mezani, kisha limenywea lenyewe na kuacha harufu ya kuchacha. Katika joto kama lile nusu saa inaweza kutosha kabisa, na mtu asitegemee muda aliouzoea katika miezi ya baridi.

Kuna pia keki iliyonishinda kwa sababu ya kijiko. Kijiko changu cha kupimia kilikuwa kimepotea, nikakadiria baking pauda kwa macho, nikazidisha. Keki ilipanda haraka, ikapasuka juu, halafu katikati ikadidimia, na ladha yake ikawa na uchungu kama wa sabuni. Siku tatu baadaye nilikikuta kijiko ndani ya kiatu cha mtoto, kimefunikwa kwa soksi kwa uangalifu mkubwa.

Yote hayo ni hasara ya unga na mchele. Lakini lipo jambo moja ambalo sikulihesabu kuwa hasara ya chakula, nalo ndilo lililobadilisha jiko langu. Mkate wa kumimina, kwa desturi ya kwetu, huwekwa juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, kisha hupaliwa makaa juu ya mfuniko ili uso wake uwe mwekundu. Jiko hilo hukaa chini, na kimo chake kinalingana sawasawa na mkono wa mtoto wa miaka miwili. Siku moja aliunyoosha mkono akagusa ukingo wa mfuniko. Nilimpeleka bombani papo hapo, nikauweka mkono wake chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20, huku jirani akinihimiza nimpake dawa ya meno, nami nikakataa, kwa kuwa dawa ya meno na mafuta huzidi kuliumiza jeraha la moto. Kilitoka kilengelenge kidogo kwenye kidole kimoja, na kikapona. Mimi usiku ule sikulala. Kuanzia hapo sipalii makaa mtoto akiwa macho. Mkate huanzia juu ya jiko la gesi na kumalizikia katika oveni. Nakiri kwamba harufu ya mkaa inakosekana, na mkate hauwi kama wa mama, ila sijawahi kujuta hata mara moja.

Nilipomweleza mama yangu kwamba mtoto hanipi nafasi ya kupika, alinijibu, "Mwanangu, wewe nilikuwa nakupa ungo na konzi ya mchele uchague, ukakaa hapo mpaka mimi nimemaliza." Nami nimefanya hivyo. Mtoto hukaa kwenye mkeka na ungo wake, akahamisha punje kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa makini yanayonishangaza, na ingawa baadaye nafagia mchele kona zote za nyumba, ninapata dakika kumi na tano za kusaga na kulitazama rojo langu. Nazi hukuna alfajiri kabla hajaamka, na mbuzi huitundika juu ya msumari mara ninapomaliza.

Alhamisi usiku nililoweka mchele wa mkate wa Ijumaa, nikafunika bakuli kwa kawa. Mtoto akaja kutaka kutia mkono majini kama ilivyo kawaida yake, nikamwambia kwamba mchele umelala, tusiuamshe mpaka asubuhi. Aliinua kawa kidogo, akauchungulia kwa muda, akairudisha taratibu, kisha akaenda mlangoni kumwambia baba yake kwa sauti ya kunong'ona: "Baba, shhh. Mchele umelala."