Kangaga kwenye lava: kutia kitambaa rangi kwa avoka na kutu

Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2002 haikubaki tupu. Kwenye nyufa za mawe yale meusi huota kangaga, na umbo lake huhamia vizuri kwenye pamba kwa kokwa za avoka na misumari yenye kutu.

Kwanza hakikisha ni pamba. Chomoa uzi, uwashe: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, polista huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Hiyo haifai, hata muuzaji aape. Chemsha kitambaa saa moja kwa sabuni na magadi. Wanga wa kiwandani ndio huleta mabaka.

Kwa mita moja ya gramu 200, kata kokwa 8 zikiwa mbichi, uzitie kwenye lita 5 za maji. Makala yawe machache kwenye mbabula (jiko la makaa): maji yakitokota kwa nguvu, rangi ya waridi ya kokwa hugeuka kahawia. Maji ya Ziwa Kivu yana umagadi, hivyo hukoleza wekundu. Ya mvua yaliyotiririka juu ya bati lenye kutu, hapana: chuma chake kitaifubaza rangi kabla hujaanza. Baada ya saa moja chuja, loweka kitambaa usiku kucha, kianike kivulini.

Wiki moja kabla, loweka misumari kwa siki sehemu moja na maji sehemu mbili. Kifuniko usikibane, kuna gesi.

Kangaga lililochumwa sasa hivi hujikunja ncha, kwa hiyo libane siku nzima ndani ya magazeti chini ya jiwe. Litandaze, likamate kwa pini. Changanya kijiko kimoja cha maji ya kutu na nusu lita ya maji, chovya sponji, ikamue sana, kisha gongagonga ukianzia juu ya jani kwenda nje. Ukiiburuta, maji hupenya chini na meno ya jani hupotea yote.

Mwanzoni utaona kijivu tu. Tanini (ile dawa chungu) ya kokwa imeshakutana na chuma, weusi unangoja hewa. Subiri dakika 10 kabla ya kuongeza, maana hapa ndipo wengi huharibu: chuma kikizidi hula pamba, na baada ya miezi kitambaa huchanika palepale penye weusi. Suuza kwa sabuni siku hiyohiyo.

Ndani ya umbo la waridi, shona vifundo vidogo vya uzi wa kahawia kando ya mshipa, mahali penye vidoa vya spora, vumbi ambalo kangaga huzaliana kwalo.