Jiko la bibi lilipokosa moshi

Paa la jiko la bibi huko Matondoni ni la kabla sijazaliwa. Makuti yalibadilishwa kila yalipochoka, lakini pau na fito, yaani miti ya mikoko inayobeba makuti, zilikuwa zile zile, nyeusi ti, zinang'aa kama viatu vya shule Jumatatu asubuhi. Ukipitisha kidole unatoka na masizi yanayonata. Sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kukanyaga mle na nguo za Idi.

Kisha mimi nikamnunulia bibi mtungi wa gesi. Kikohozi chake kilinitisha, na mato yake (kwetu Lamu ni mato, si macho) yalikuwa mekundu kila jioni. Sijutii, kikohozi kimepungua. Ila masika ya tatu ya gesi nilikuta mabawa ya kumbikumbi yametapakaa sakafuni, na ukutani kijia cha udongo, chembamba kama penseli, kimepanda kutoka chini hadi juu kwenye paa. Nikakikwangua kwa ukucha. Mchwa weupe wakatawanyika. Nikagonga ufito mmoja kwa mpini wa kisu, ukalia kama boksi tupu. Nikaubonyeza, kidole kikazama.

Fundi wa makuti alipokuja hata hakupanda ngazi. "Mliacha kupika kwa kuni lini?" akauliza. Nikamwambia. Akaguna.

Kabla ya hapo nilidhani ule weusi ni uchafu tu. Kumbe moshi wa kuni una fenoli, una asidi ya jamii ya siki na vitu vinginevyo ambavyo wadudu hawavipendi, na vyote vinaganda juu ya mti pamoja na masizi. Halafu kuna ukavu. Mchwa wa aina hii hawezi kuishi bila unyevu, ndiyo maana anatembea ndani ya kile kijia chake cha udongo, na mti uliokaa juu ya meko miaka arobaini hauna maji ya kumpa. Sisi si wa kwanza. Kule Shirakawa-go, Japani, nyumba za mapaa ya nyasi zina meko katikati, na moshi wake ndio uliokuwa ukilinda paa. Na Bogor, Indonesia, watafiti wamefukiza mbao kisha wakawapa mchwa. Zikastahimili kuliko zisizofukizwa.

Kununua miti yote upya sikutaka. Tangu marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 nimejifunza kutotupa hata kipande. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini siku zile korija moja ya pau, yaani miti ishirini tu, ilikuwa ya kuulizia kwa jamaa. Kwa hiyo nilinunua fito za kujazia tu, na nyuma ya nyumba nikatengeneza uchaga, urefu wa kifua, nikauzungushia mabati mabovu. Chini makumbi ya nazi yaliyonyunyiziwa maji kidogo. Hapa usifanye haraka. Jaribio la kwanza niliacha moto ukawaka, fito tatu zikapasuka na moja ikashika. Unachotaka ni moshi mzito na joto dogo, makumbi yafukute, yasiwake. Nilifukiza kila jioni kwa wiki mbili, nikizigeuza. Zilitoka na rangi ya halua, na nguo zangu zilinuka hivi kwamba paka wa mtaa mzima walinifuata wakidhani nimebeba samaki.

Mbili nilizichomeka karibu na kichuguu shambani, moja imefukizwa, nyingine mbichi. Baada ya miezi mitatu ile mbichi ilikatika mkononi, ndani udongo mtupu. Iliyofukizwa ilikuwa imejengewa kijia ubavuni, lakini juu ilikuwa nzima. Upande uliozikwa ulikuwa umetafunwa kama upana wa vidole viwili. Ardhini, tena penye mvua, moshi hauna nguvu nyingi; dawa yake inakaa juu juu, na maji yanaiosha. Kwa hiyo fito za moshi ziko ndani, chini ya makuti. Nguzo hazikuzikwa, zimekalishwa juu ya mawe ya matumbawe ili kijia kikianza tukione. Fundi alitaka kuzipaka oili chafu. Nilikataa, kisima kiko hatua kumi.

Na kila mwezi mara moja au mbili naingiza karai la makumbi jikoni, nafunga mlango, natoka. Mwezi jana bibi alibeba kigoda chake akakaa mlangoni kabisa, moshi unampitia usoni. "Sasa hili ndilo jiko," akasema. Nikamwambia, "Bibi, kifua chako." Akakisogeza kigoda nyuma kidogo, kama shibiri moja.